Aksum, baina ya Rumi na Uajemi

Mani, mwasisi wa dini aliyefia kizuizini Uajemi katika miaka ya 270, alifundisha kwamba dunia ina falme nne kubwa: ya Babeli na Uajemi, ya Rumi, ya Aksum katika Ethiopia na Eritrea za leo, na ya nne ya mbali mashariki, ambayo wataalamu wengi wanaamini ni ya Wachina. Mani hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wahabeshi. Alizaliwa Babeli na aliwahi kuandamana na mfalme Shapur wa Uajemi. Mtu wa namna hiyo akiiweka Aksum safu moja na mabwana wa dunia, inafaa tumsikilize. Vitabu vingi vya historia huitaja Aksum kama mshirika mdogo wa Rumi, aliyeitwa pale Warumi walipohitaji msaada. Ukifuatilia matukio yenyewe, sura inayojitokeza ni nyingine.

Nguvu ya Aksum ilianzia bandarini. Adulis, ambayo mahame yake yako kwenye Ghuba ya Zula nchini Eritrea, kusini mwa Massawa, ilikuwa mwendo wa siku nane kutoka mji wa Aksum. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, uleule unaotuachia jina la Rhapta kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, unaeleza kwamba pembe zote za ndovu kutoka ng'ambo ya Nile zilipitia Aksum hadi Adulis. Kulikuwa pia na pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mfalme wa huko, Zoskales, anasifiwa kwa kujua kusoma Kigiriki na anatajwa pia kuwa mtu aliyeng'ang'ania mali yake. Mabaharia hawamwandiki hivyo mtawala anayepunjika kirahisi.

Dhahabu ilitoka bara, katika nchi iliyoitwa Sasu. Kosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria aliyefika Adulis mwanzoni mwa karne ya 6, ameeleza jinsi ilivyonunuliwa. Kila baada ya mwaka mmoja, msafara wa watu zaidi ya 500 uliondoka na ng'ombe, chumvi na chuma. Walipofika karibu na machimbo walipiga kambi, wakajenga boma la miiba, wakachinja ng'ombe na kuitundika nyama juu ya miiba pamoja na chumvi na chuma. Wenyeji walikuja na vipande vya dhahabu, wakaweka kimoja au viwili kando ya kitu walichokitaka, kisha wakasogea pembeni. Mwenye nyama akiridhika, alichukua dhahabu. Asiporidhika, aliiacha palepale, na mwenyeji akaja kuongeza au kuchukua chake na kwenda zake. Hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa lugha hazikuelewana na wakalimani walikuwa adimu.

Dhahabu hiyo ndiyo iliyofanywa sarafu. Karibu mwaka 270, mfalme Endubis alitoa sarafu za dhahabu zenye sura yake katikati ya masuke mawili ya nafaka. Watawala waliothubutu kutoa dhahabu kwa jina lao wakati huo walikuwa wachache mno duniani. Maandishi yalikuwa ya Kigiriki, lugha ya wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu. Sarafu za fedha na shaba, zilizozunguka mikononi mwa raia, baadaye zilianza kuandikwa kwa Kigeez, lugha ya Aksum yenyewe. Kila sarafu ilijua inazungumza na nani.

Katika karne ya 4 mfalme Ezana aliingia Ukristo, na kwenye sarafu zake msalaba ukachukua mahali pa mwezi mwandamo. Ni rahisi kudhani kwamba hapo Aksum ilijisalimisha kwa Rumi. Lakini karibu mwaka 356, Kaisari Konstantio wa Pili alimwandikia Ezana na nduguye Sazana, akitaka askofu wao Frumentio apelekwe Aleksandria akahojiwe imani yake. Frumentio alikuwa amewekwa wakfu na Athanasio, askofu aliyekuwa hasimu mkubwa wa Kaisari. Hakuna dalili kwamba Ezana alitii. Frumentio anakumbukwa Ethiopia hadi leo kama Abba Salama, baba wa kanisa lao. Dini ilikuwa moja, ila amri ya Kaisari ilikomea ufukweni.

Mtihani mkubwa ulikuja zama za Kaleb. Mwaka 523, Yusuf Dhu Nuwas, mfalme wa Himyari nchini Yemen aliyefuata dini ya Kiyahudi, aliwaua Wakristo wa Najran. Rumi chini ya Kaisari Justino ilitaka hatua ichukuliwe, na mwaka 525 Kaleb akavuka bahari. Masimulizi ya mashahidi wa Najran yanataja meli 60 zilizokusanywa kutoka bandari za Rumi, visiwa vya Farasan na India. Meli nyingi zilikuwa za wengine, lakini jeshi na shabaha vilikuwa vya Kaleb. Aksum ilikuwa imeshawahi kutawala ng'ambo ile, na ilikuwa na madai yake ya zamani. Vilio vya Najran vilimpa sababu, na Rumi ikampa vyombo.

Baada ya ushindi, Kaisari Justiniano alituma balozi mwenye maombi. Balozi alimkuta Kaleb amesimama juu ya gari refu lililobebwa na tembo wanne, kilemba cha nyuzi za dhahabu kichwani, mkononi ngao ndogo na mikuki iliyopakwa dhahabu. Mfalme aliubusu muhuri wa Kaisari na kuahidi msaada. Ombi moja lilikuwa Aksum inunue hariri kwa Wahindi na kuwauzia Warumi, ili fedha ya Rumi isiingie mifukoni mwa Waajemi. Prokopio, mwanahistoria wa Justiniano, anasema halikutekelezeka kwa kuwa wafanyabiashara wa Uajemi walitangulia kwenye bandari zilikotia nanga meli za India na kununua shehena nzima. Mimi naona kuna la ziada. Aksum ilipata faida nzuri kwa amani iliyokuwepo baharini, na kugombana na Waajemi kwa ajili ya mavazi ya Konstantinopoli kusingeiongezea kitu. Mwishowe Justiniano aliipata hariri kwa njia nyingine, pale watawa walipomletea kwa siri mayai ya nondo wake, karibu mwaka 552.

Kilichoiumiza Aksum ni Yemen yenyewe. Abraha, mwanajeshi wa Kihabeshi ambaye Waislamu wanamfahamu kwa kisa cha jeshi la tembo, alimpindua mtawala aliyewekwa na Kaleb. Jeshi la watu 3,000 lililotumwa kumwadhibu lilijiunga naye, na la pili likashindwa. Mwaka 548, Abraha alichonga jiwe huko Marib akijivunia wajumbe waliomjia kutoka Aksum, Rumi na Uajemi. Jeshi la Aksum lilikuwa limemzaa mpinzani aliyeucheza mchezo uleule wa wafalme wake. Katika miaka ya 570, Waajemi walitua Yemen na kuitwaa.

Ndiyo maana mwaka 615 una uzito. Aksum ilikuwa imepoteza ng'ambo, na Rumi na Uajemi zilikuwa zikichinjana Shamu, wakati Waislamu wa kwanza walipovuka bahari kukimbia mateso ya Makka. Makureshi, wakuu wa Makka, walituma wajumbe na zawadi kwa Najashi, mfalme wa Aksum, wakimtaka awarudishe watu wao. Najashi aliwasikiliza wakimbizi, akakataa, na kuzirudisha zawadi.