Mwanza hadi Bukoba: Usiku Mmoja au Dakika 45

Toka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba ni kama kilomita 175 juu ya ziwa, na ndege inazimaliza kwa dakika 45 hivi. Sisi tuliozaliwa Bukoba hatukukua na hesabu hiyo. Kwetu Mwanza ilikuwa usiku mmoja. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, iling'oa nanga jioni, ikapitia bandari ya Kemondo kupakia ndizi, na kulipopambazuka ukayaona mawe ya Mwanza.

Kemondo ndiko muda ulikoliwa. Wapagazi walipanda na mikungu begani, mmoja nyuma ya mwingine, na Mama, aliyekuwa akiuza ndizi Mwanza, alisimama pale pale akihesabu ya kwake kwa sauti. Halafu alijilaza daraja la tatu karibu na mzigo, kikapu cha senene na kahawa ya kutafuna kikiwa chini ya kichwa kama mto.

Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800, na wengi wamelala makaburi ya Igoma, Mwanza. Mkoa wetu wa Kagera ulijaa matanga. Mama hakukanyaga tena meli. Akahamia basi: Muleba, Biharamulo, Geita, kisha foleni ya kivuko pale Busisi. Masika barabara ilipogeuka tope, alilala njiani na ndizi zikaiva kabla ya soko.

Wenye uwezo walianza kuitazama ndege. Lakini uwanja wetu umebanwa: upande mmoja ziwa, upande mwingine mji na vilima, na njia ya kurukia, iliyokuwa ya changarawe kabla ya kuwekwa lami, haizidi kilomita moja na nusu. Tena pepo za kusini-mashariki huvuka ziwa lote zikibeba unyevu na kuumwaga kwetu, ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Wingu likilala chini asubuhi, abiria wa Bukoba wanakaa Mwanza wakisubiri, na zile dakika 45 zinakuwa nusu siku.

Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani karibu kabisa na uwanja huo, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walikufa. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Uwanja mpya wa Omukajunguti, kule Missenyi, umezungumzwa miaka na miaka. Mimi nasema ujengwe. Watu wa Kagera wamekwisha kufa vya kutosha wakielekea au wakitoka nyumbani.

Hata hivyo, kilichofupisha safari ya akina mama wa ndizi ni daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko imekwisha. Mkungu mzuri wa Kihaya unaweza kupita kilo 20, na kwenye ndege mkungu mmoja tu umemaliza mzigo wa abiria. Kwenye basi Mama angepakia kumi, alipe nauli yake, na awahi soko la Mwanza ndizi zikiwa bado mbichi.