Trauti wa Bwawani, Mgebuka wa Kasingirima

Ukisikia wavuvi wanamsifia samaki kwamba hashikiki, uliza kwanza ni nani aliyemfanya awe hivyo. Mgebuka anawasumbua wavuvi wa Kasingirima na mialo yote ya Kigoma kwa sababu Ziwa Tanganyika lenyewe ni kubwa kupita kiasi: urefu wa kilomita 673, kina kinachofika mita 1,470, na yeye hana makazi, huwaandama dagaa kokote waendako. Trauti wa kahawia aliyemwagwa kwenye bwawa dogo hana pa kukimbilia. Anasumbua kwa sababu anayemvua amejikataza nusu ya mbinu anazozijua.

Trauti huyo hatumpati Kigoma, na sababu ni joto. Maji yakizidi nyuzi 20 hivi huanza kutaabika, na maji ya juu ya Tanganyika huwa nyuzi 25 na zaidi. Majirani zetu wa Kenya wanaye tangu mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mtoni walizaliana, kwa kuwa trauti hutaga kwenye changarawe inayopitiwa na maji ya mbio. Bwawani hazai. Mwenye bwawa hununua wengine kila wanapopungua, kwa hiyo kila samaki aliyemo ameshalipiwa kabla ndoana haijaguswa.

Mtu angedhani basi kazi ni rahisi. Wala si rahisi. Mtoni, mdudu akipita juu ya trauti, samaki ana muda mfupi sana wa kuamua. Akisitasita, mkondo umeshauchukua mlo wake. Bwawani maji yametulia. Trauti anaweza kuja taratibu hadi chini ya mdudu wa bandia, akamkagua, akamzunguka, akaona uzi ulivyokunjamana juu ya maji, akaenda zake. Tena huyu wa kahawia si kama ndugu yake wa upinde wa mvua, anayerandaranda katikati ya bwawa mchana kweupe. Hukaa chini, kwenye majani na kingo zenye kivuli, akangoja jua lizame ndipo atoke kulisha pembezoni. Na kwa kuwa mwanga hupinda unapoingia majini, samaki huyaona ya nchi kavu kupitia duara lililo juu ya kichwa chake: aliyesimama wima ukingoni anaonekana, aliyechuchumaa karibu na ardhi hufichika. Ndiyo maana utamkuta mzee mwenye heshima zake, koti zuri, anatambaa kwenye nyasi kumnyatia samaki wa kilo moja aliyenunuliwa kwa hela zake mwenyewe.

Ndoana ya manyoya, yaani huyo mdudu wa bandia, si uvumbuzi wa Waingereza. Aelian, mwandishi wa Roma aliyeandika kwa Kigiriki, miaka kama 1,800 iliyopita, anawaeleza Wamakedonia waliovua samaki wenye madoa katika mto Astraeus. Samaki hao walikula nzi fulani wa mtoni, lakini nzi huyo akishikwa na mkono wa mtu hupoteza rangi na mbawa zake kunyauka, hafai tena kuwa chambo. Wakaizungushia ndoana sufu nyekundu, wakaifungia manyoya mawili ya jogoo yaotayo chini ya ndevu zake. Hawakujikataza kitu hapo. Chambo halisi kilishindikana, wakatengeneza cha kufanana nacho.

Kwa macho yangu, Mmakedonia huyo yuko karibu zaidi na mvuvi wa mshipi wa Kigoma kuliko na bwana wa bwawani anayejiona mrithi wake. Mshipi wa mgebuka una ndoana nyingi, na mara nyingi hazina chambo hata kidogo. Zimevishwa tu kitu cheupe au cha kung'aa. Ukiushusha na kuuchezesha, kupanda na kushuka, zinakuwa kikundi cha dagaa kinachohangaika. Kazi hiyo ni ya usiku, na taa ndiyo inayoanza. Zamani dagaa walivutwa kwa moto uliowashwa mtumbwini, wakatekwa kwa wavu uitwao lusenga. Zikaja karabai, na sasa taa za betri na sola. Taa huwakusanya wadudu wadogo wa majini, wadudu huwaleta dagaa, na dagaa humleta mgebuka. Naye haingii kwenye mwanga kama mgeni mwalikwa: huzunguka pale mwanga unapofifia, akavamia na kurudi gizani. Anayeshusha mshipi katikati ya mwanga atapata usingizi tu. Mkono unajua kabla ya jicho: uzi umepita juu ya kidole cha shahada, na kabla samaki hajavuta kuna kulegea kidogo, uzito wa chubwi unapotea, kwa sababu mgebuka aliyedaka anapanda nao. Mbalamwezi ikikaza, taa inakosa nguvu, na watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu.

Waingereza nao hawakuanza na masharti. Izaak Walton, aliyechapisha kitabu chake maarufu cha uvuvi mwaka 1653, alitumia nyungunyungu na hata chura bila haya yoyote. Masharti yalikazwa na Frederic Halford, kuanzia kitabu chake cha mwaka 1886: mdudu wa bandia aelee juu ya maji, na arushiwe samaki anayeonekana akila, basi. Mvuvi mwenzake, G.E.M. Skues, akapinga. Trauti, alisema, hula zaidi chini ya maji, wadudu ambao bado hawajaota mbawa. Kwa nini tusimpe anachokula? Kitabu chake kilitoka 1910, na ugomvi ukaendelea hadi mwaka 1938, watu wazima walipokutana katika Flyfishers' Club ya London kujadili kama ni uungwana kumpelekea samaki mdudu aliyezama. (Skues alikuwa na miaka 79. Alizaliwa mwaka uleule wa 1858 ambao wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji.)

Ni rahisi kucheka. Lakini Skues alikuwa na tabia moja ninayoiheshimu: akimpata trauti, alichokonoa tumbo lake kwa kijiko chembamba cha kutolea uboho, akatazama alichokula, ndipo akafunga ndoana inayofanana nacho. Wanaopasua migebuka kwa ajili ya kukausha Kigoma wanayaona hayohayo kila siku bila kijiko maalumu, wala hakuna aliyewaita kwenye mjadala.

Bwana wa bwawani na mvuvi wa Kigoma wanapoachana kabisa ni pale samaki anapotoka majini. Wavuvi wengi wa trauti siku hizi humrudisha. Mwambie mvuvi wa Kasingirima kwamba umemtoa samaki mzima, mnono, ukamrudisha, atakuuliza alikuwa na ugonjwa gani. Na trauti akirudishwa, bwawa linazidi kuwa gumu, maana aliyewahi kuchomwa na ndoana huwa mwangalifu zaidi. Bwana wa bwawani anaufuga ugumu anaoulalamikia.

Ziwani masharti yamekuja kwa mlango mwingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Ni jambo la maana. Samaki walikuwa wanapungua kweli. Ila miezi mitatu ya kujinyima si kitu kimoja kwa mwenye kazi nyingine mjini na kwa anayekula kile mshipi unacholeta. Halford alichagua masharti yake akiwa ameshiba. Hilo silisemi kumshusha hadhi. Nasema tu kwamba uungwana wake ulikuwa na chakula mezani.

Mara nyingine huwaza hawa wawili wabadilishane nafasi usiku mmoja. Bwana wa bwawani, nadhani, angeelewa haraka habari ya ukingo wa mwanga, kisha angechoka kabla ya saa nane usiku. Mvuvi wa mgebuka angekaa bwawani siku nzima akitazama tu, jioni akachimba nyungunyungu kwenye udongo wa pembeni, akampata trauti wa kahawia kabla giza halijaingia. Na kesho yake mlinzi asingemfungulia geti.