Uzani mdogo wa mtoto mchanga: tunayojifunza Bungoma na Kitale

Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzani mdogo. Chini ya kilo 1.5, mdogo sana. Ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Lakini mizani haisemi sababu. Yuko njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37, na yuko aliyetimiza miezi yake tumboni lakini hakukua. Wengine wana yote mawili.

Nazungumzia Bungoma na Kitale kwa kuwa Wapwani wengi tuna jamaa na wakwe huko, na kwa kuwa miji hii ni jirani lakini hatari zake hazifanani.

Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria ipo mwaka mzima, kama Kwale na Kilifi. Vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, pale mtoto anapopata chakula na hewa. Mama huenda asihisi homa hata siku moja, huku damu yake inapungua na mtoto anadumaa. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, maana mwili bado haujajenga kinga ya malaria ya namna hiyo. Kwa hivyo kliniki za Bungoma, kama zetu, humpa mjamzito vidonge vya SP, wengi twaviita Fansidar, kuanzia wiki ya 13 na kila ahudhuriapo, mradi mwezi umepita tangu dozi ya mwisho. Anayetumia Septrin kwa sababu ya HIV hapewi. Anayeanza kliniki mwezi wa sita ashapoteza dozi kadhaa.

Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi, penye baridi na mbu wachache. Mwanamke aliyekulia huko ana kinga ndogo. Akija Mombasa au Bungoma akiwa mjamzito, malaria humshika vibaya, basi amwambie muuguzi ametoka wapi na alale ndani ya neti tangu usiku wa kwanza.

Usidhani Kitale kuna nafuu kwa vile ni ghala la mahindi. Ugali mtupu hauongezi damu. Palizi hadi mwezi wa mwisho na moshi wa kuni jikoni humpunguza mtoto, kama vile sigara na pombe. Miraa na muguka pia zimehusishwa na uzani mdogo, na hapa Pwani tusijifanye hatuzijui.

Hatari nyingine ziko kote: presha ya mimba, mapacha, kaswende isiyotibiwa, kubeba mimba kabla mtoto aliyetangulia hajafikisha miaka miwili, na umri mdogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba.

Linaloniudhi ni ushauri wa baadhi ya mama wakwe kwamba mjamzito apunguze kula ili mtoto asiwe mkubwa akapasuliwa. Mtoto mdogo hushikwa na baridi na maambukizi upesi, na hata kunyonya humchosha. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kila siku, na chai isinywewe pamoja navyo, huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Aliyejifungulia nyumbani ampeleke mtoto akapimwe siku hiyo hiyo. Njiani amvue nguo, ambakishe nepi na kofia, amlaze kifuani ngozi kwa ngozi, kisha amfunike kwa leso.