Msesewe, gome chungu la mbege
Msesewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, hustawi kando ya mito na mifereji kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wachaga waliuthamini kwa gome lake. Kutoka Kibosho na Marangu hadi Tarakea, mpakani mwa Kenya, mbege, pombe yao ya jadi, ilitengenezwa kwa ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome lilianikwa, likatwangwa na kuchemshwa, na maji yake yakatiwa humo. Uchungu wa mbege ulitoka hapo, na mbege ndiyo iliyofungua mazungumzo ya posa na ya usuluhishi.

Wengi huliita gome hilo kwinini. Jina hilo hupotosha: kwinini halisi hutoka kwenye msinkona wa Amerika Kusini, mti wa familia nyingine kabisa. Msesewe una alkaloidi za indoli. Jamaa yake wa India ndiye aliyetoa reserpini, iliyotengwa Uswisi mwaka 1952 ikawa dawa ya shinikizo la damu. Gome lenye kemikali za aina hiyo linastahili kupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Antioksidanti, kemikali zinazotuliza radikali huru kwa kuzipa elektroni, zina chanzo cha uhakika zaidi ndani ya mbege kuliko gome hilo: ganda la punje ya ulezi, lenye fenoli na tanini tele.

Msesewe ukichunwa gome kuzunguka shina lote, chakula hakishuki mizizini na mti hufa. Ukichunwa upande mmoja tu, huweza kuziba jeraha.