Zebaki: historia ya sumu isiyowaka wala kunuka

Mashariki mwa Congo kuna miji iliyokua kwa sababu ya dhahabu: Kamituga na Misisi katika Kivu ya Kusini, Mongbwalu katika Ituri. Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo, dhahabu inakamatwa kwa zebaki, ambayo wengi wanaiita mercure kwa Kifaransa. Ni kama maji mazito yanayong'aa mfano wa fedha. Haiwaki moto, hainuki, haichomi ngozi. Ndiyo maana watu wanaishika kwa mikono mitupu, na wengine wanaichoma ndani ya nyumba, karibu na watoto. Familia zilizokimbia vita na kupata makao karibu na machimbo zinaikuta kazi hiyo ikiendelea, na mara nyingi hakuna wa kuzieleza.

Swali ni hili: mtu atajuaje kwamba kitu ni hatari, ikiwa macho na pua havimwambii? Leo kuna jibu, nalo ni alama zinazobandikwa juu ya chupa na mapipa. Lakini alama hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Kila moja ina wafu nyuma yake, na historia ya zebaki inaonyesha jambo hilo kuliko kemikali nyingine nyingi.

Miili ya wafanyakazi ilisema kwanza

Mwaka 1700, munganga wa Italia aliyeitwa Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Yeye ndiye aliyewafundisha waganga wenzake kumuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Kati ya watu aliowaandika walikuwamo mafundi wa kupaka vyombo dhahabu. Walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka mchanganyiko huo juu ya chombo, kisha wakakitia motoni ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Ramazzini aliona kwamba mvuke ule ndio uliowaharibia afya. Zaidi ya miaka 300 imepita, na mchimbaji anayechoma donge lake la dhahabu leo anafanya kazi ile ile ya mafundi wale.

Baadaye ikaja zamu ya watengeneza kofia wa Ulaya na Marekani. Walisugua manyoya ya sungura kwa dawa yenye zebaki ili yashikamane. Wengi walianza kutetemeka mikono, wakawa wepesi wa hasira, wakaogopa kukaa na watu, wakakosa usingizi. Majirani waliwacheka, wakadhani ni wazimu tu. Marekani iliacha kutumia dawa hiyo katika kofia mwishoni mwa mwaka 1941. Kwa muda wote huo wasomi walijua. Ila ujuzi ulikaa vitabuni, na aliyeshika manyoya hakuambiwa kitu.

Sumu moja, njia nyingi

Kilichowachanganya watu wa zamani ni kwamba zebaki haina tabia moja. Mtu akimeza tone la zebaki ya maji maji, sehemu kubwa yake inapita tumboni na kutoka. Akiliona hilo, anaweza kusema: mbona sikufa? Lakini zebaki ile ile ikipashwa moto inageuka mvuke usioonekana, na mtu akiuvuta, sehemu kama nane katika kumi zinabaki mwilini. Zinaingia katika damu, zinafika kwenye ubongo na figo. Hata bila moto, zebaki iliyomwagika ndani ya chumba kilichofungwa inatoa mvuke kidogo kidogo kila siku.

Kuna na njia ya tatu. Zebaki ikiingia katika mto au ziwa, vijidudu vya matopeni vinaweza kuigeuza kuwa methili-zebaki. Hiyo inaingia katika samaki wadogo, samaki wakubwa wanawala wale wadogo, na mwisho inafika kwenye sahani ya mtu. Japani ilijifunza hayo kwa uchungu. Katika mji wa Minamata, kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye methili-zebaki baharini kwa miaka mingi. Paka walianza kuyumba na kuanguka, kisha wavuvi na watoto wao wakashindwa kutembea, kusema na kuona vizuri. Ugonjwa ulitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Serikali ya Japani ilikubali chanzo chake waziwazi mwaka 1968 tu. Miaka 12 ilipita kati ya ugonjwa kujulikana na sababu kukubaliwa. Wakati huo wote, watoto walizaliwa na ulemavu kutoka kwa mama ambao wengine hawakuonekana wagonjwa sana.

Mikate ya Iraki

Msiba ulioonyesha wazi thamani ya alama ulitokea Iraki. Mwaka 1971, baada ya ukame, serikali ya nchi hiyo ilinunua mbegu za ngano na shayiri kutoka nje, nyingi zikitoka Meksiko. Mbegu zilikuwa zimepakwa methili-zebaki ili zisiharibiwe na ukungu zikiwa udongoni. Zilikuwa za kupanda, si za kula. Ili watu wajue, zilitiwa rangi nyekundu, na magunia yaliandikwa onyo.

Onyo hilo liliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wa Iraki walisema Kiarabu na Kikurdi. Picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, ambayo Mzungu anaisoma kama kifo, kwao haikuwa na maana hiyo. Katika sehemu nyingi mbegu zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita, na nyumbani chakula kilikuwa kidogo. Watu waliziosha, rangi ikatoka, wakaamini kwamba sumu nayo imetoka. Wengine waliwapa kuku kwanza, wakangoja siku chache, kuku hawakufa. Basi wakasaga unga, wakapika mikate.

Sumu hiyo haiui siku ile ile. Wiki kadhaa zilipita kabla ya watu kusikia ganzi mikononi na midomoni, kisha kuyumba, kisha kutoona. Hospitali zilipokea wagonjwa 6,530, na kati yao 459 walikufa humo. Waliofia nyumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Hakuna anayeweza kusema kwamba magunia yale hayakuwa na onyo. Yalikuwa nalo. Lakini onyo ambalo msomaji wake haelewi ni sawa na gunia lisiloandikwa kitu.

Safari ya kuelekea alama moja

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanza kushughulikia jambo hilo mwaka 1956, ulipotoa mapendekezo ya kwanza juu ya usafirishaji wa vitu vya hatari. Kila kitu kilipewa fungu na namba. Zebaki ina namba 2809, na iliwekwa kwanza katika fungu la 8, la vitu vinavyokula vitu vingine, kisha ikaongezwa alama ya sumu. Wengi wanashangaa: zebaki inakula nini? Inakula aluminiamu. Ndege nyingi zimetengenezwa kwa aluminiamu, na zebaki ikimwagika ndani ya ndege inaweza kudhoofisha mwili wake. Katika nchi kama Congo, ambako machimbo mengine yanafikiwa kwa ndege ndogo, hilo si jambo la mbali.

Lakini mapendekezo hayo yaliangalia safari tu. Mzigo ukishafika sokoni, kiwandani au shambani, kila nchi ilikuwa na sheria yake. Kemikali moja iliweza kuitwa sumu katika nchi moja, na katika nchi nyingine isiitwe hivyo. Mwaka 1990 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 170 juu ya usalama wa kemikali kazini. Mwaka 1992, katika mkutano mkubwa wa Rio de Janeiro, mataifa yalikubaliana kutafuta utaratibu mmoja wa kupanga hatari na kuziandika. Utaratibu huo ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003. Kwa Kifaransa unafupishwa SGH.

Utaratibu huo unaiuliza kila kemikali maswali ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni juu ya tabia ya kitu chenyewe: kinawaka? Kinalipuka? Kinakula chuma? Kinasaidia vitu vingine kuwaka? Ya pili ni juu ya mwili wa mtu: kinaua kikimezwa, kikivutwa au kikigusa ngozi? Kinaleta saratani? Kinamharibu mtoto tumboni? Kinaumiza mara moja, au polepole kwa kukutana nacho kila siku? Mwishoni linaongezwa swali la mazingira, hasa samaki na maji. Majibu yanaonyeshwa kwa picha tisa, kila moja ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu.

Zebaki inasema nini juu ya chupa yake

Zebaki ikipitishwa katika maswali hayo, haipati picha ya moto. Haipati picha ya bomu linalopasuka. Anayedhani kwamba hatari ni moto na mlipuko peke yake ataiona kuwa kitu salama. Lakini katika maswali ya afya inapata picha mbili nzito. Fuvu na mifupa maana yake: mvuke wake ukivutwa unaua. Picha ya mtu mwenye nyota kifuani maana yake: inaharibu viungo vya ndani ikivutwa mara kwa mara, na inaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Picha ya tatu ni ya mti mkavu na samaki aliyekufa: inaua viumbe vya majini, na madhara yake yanadumu.

Picha hizo tatu ni ufupisho wa historia yote iliyotangulia. Katika fuvu wamo mafundi wa Ramazzini. Katika mtu mwenye nyota wamo watengeneza kofia, na watoto wa Minamata na wa Iraki. Samaki aliyekufa anakumbusha bahari ya Minamata.

Mwaka 2013 mataifa yalipitisha mkataba maalumu juu ya zebaki, ukapewa jina la Minamata, nao ulianza kutumika mwaka 2017. Mkataba huo unawataja wachimbaji wadogo wa dhahabu kwa wazi. Kati ya mambo unayotaka yakomeshwe ni kuchoma donge la dhahabu na zebaki hewani bila chombo cha kukamata mvuke, na kulichoma mahali watu wanapokaa.

Hapo ndipo historia inapofika mlangoni. Chupa kubwa ya kiwandani inabandikwa picha zote tatu. Lakini muuzaji akigawa zebaki katika vichupa vidogo vya dawa au vya soda, picha zinabaki kwenye chupa kubwa, na mnunuzi anapata zebaki peke yake. Ni hivyo hivyo kwa bidoni iliyobeba kemikali, ikisuguliwa na kuuzwa kwa kuchotea maji. Wakulima wa Iraki waliosha rangi wakaamini wameosha sumu. Mama aliyekimbia na familia yake, akinunua bidoni ya bei rahisi isiyo na alama, anaweza kudanganyika vile vile.

Kwa hiyo kazi haikwishi mwaka 2003. Picha ya fuvu inahitaji mtu wa kuieleza kwa Kiswahili, kwa Kilega, kwa Mashi, kwa Kibembe, machimboni na katika kambi za waliohamishwa. Yanayopaswa kusemwa si mengi. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala jikoni, na sufuria iliyotumika kuichomea isirudi kupika sombe. Mama mwenye mimba na watoto wakae mbali na moto huo. Ikimwagika isifagiliwe, kwa sababu fagio huitawanya katika matone madogo zaidi. Madirisha yafunguliwe na watu watoke. Chombo ambacho hakijulikani kilibeba nini kisitiwe maji ya kunywa, hata kikisafishwa mara kumi.