Matundu ya Angani Yaliyokuwa Vumbi

Usiku mmoja usio na mwezi, katika kiangazi cha 1913, mwanaastronomia Edward Barnard wa kituo cha kutazama nyota cha Yerkes nchini Marekani alikuwa akipiga picha za Njia Nyeupe. Vijiwingu vya kawaida vya dunia hii vikapita mbele ya nyota zilizosongamana kwenye kundinyota la Kausi. Vilionekana vyeusi kama matone ya wino, sawasawa na madoa meusi aliyokuwa akiyapiga picha kwa zaidi ya miaka 20 bila kuthubutu kusema ni nini. Tangu enzi za William Herschel, wengi waliyachukulia kuwa matundu, sehemu zisizo na nyota. Mwaka 1919 Barnard alichapisha orodha ya madoa 182. Wakati huo alishaamini kwamba mengi kati yake ni kitu kinachoziba mwanga, ambacho leo tunajua ni vumbi.

Ushahidi mwingine ulitoka mbali zaidi. Kwenye kituo cha Lick, California, Heber Curtis alipiga picha za galaksi za mikono iliyojipinda, zile zinazoonekana kwa ubavu kama sahani iliyoinuliwa usawa wa macho. Nyingi zilikuwa na mstari mweusi uliokata katikati. Curtis akafikiri: kama na galaksi yetu imefungwa mkanda wa namna hiyo, basi ndiyo sababu hatuoni galaksi nyingine tukitazama kuelekea Njia Nyeupe.

Tarehe 26 Aprili 1920, mjini Washington, alikabiliana na mwanaastronomia mwenzake Harlow Shapley katika mjadala maarufu. Curtis alishikilia kwamba galaksi hizo ziko nje kabisa ya yetu, na alikuwa sahihi. Lakini hapohapo aliamini kwamba Jua liko karibu na kitovu cha galaksi ndogo, yenye upana wa miaka-nuru 30,000 hivi. Makadirio hayo yalitokana na kuhesabu nyota, na vumbi lilikuwa limezificha nyota za mbali. Aliyezingirwa na ukungu msituni huona miti michache kila upande, akajiona yuko katikati ya msitu. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa kisa chote: mtu aliyeliona vumbi la wenzetu hakulihesabu la kwetu. Shapley naye aliliweka Jua mbali na kitovu, jambo la kweli, lakini kwa kulipuuza vumbi na kwa sababu nyingine akaipa galaksi upana wa miaka-nuru 300,000, takriban mara tatu ya unaokubalika leo.

Aliyekata shauri ni Robert Trumpler, mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1930. Alichunguza mafungunyota 100, akikadiria umbali wa kila moja kwa mng'ao wa nyota zake, kisha ukubwa wake. Akakuta kitu kisichoingia akilini: kadiri fungunyota lilivyokuwa mbali, ndivyo lilivyotokea kuwa kubwa. Hakuna sababu ya nyota kujipanga kwa kuifuata Dunia. Mwanga ulikuwa unapunguzwa njiani na vumbi, umbali ukazidishwa. Tena nyota hizo zilikuwa nyekundu kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa chembe ndogo sana hutawanya buluu zaidi, kama hewa inavyolifanyia Jua linapotua. Buluu hiyo iliyotawanywa ndiyo inayoonekana pichani ikikizunguka Kilimia, nyota zinazowajulisha wakulima msimu. Mwanaastronomia Vesto Slipher alikuwa amebaini mwaka 1912 kwamba ukungu huo wa buluu unaakisi tu mwanga wa nyota za Kilimia.

Ikabaki kujua galaksi nyingine zinazibwa kiasi gani, na wataalamu walibishana hadi miaka ya 1990. Wanaastronomia Raymond White na William Keel walitumia njia ninayoipenda kwa urahisi wake: walitafuta galaksi iliyopita mbele ya nyingine, wakaifanya ya nyuma kuwa taa. Vumbi lilikuwa zito mikononi, jepesi kati ya mkono na mkono.

Kabla yao, setilaiti ya IRAS, mwaka 1983, ilikuwa imelipima vumbi kwa joto linalotoa, si kwa mwanga linaouziba. Januari 2024 zilitolewa picha za galaksi 19 zilizopigwa na darubini ya James Webb. Ndani yake vumbi lenyewe linang'aa, nyuzi kwa nyuzi, na katikati ya nyuzi hizo mna matundu ya kweli, yaliyopulizwa na nyota changa na zilizolipuka.