Askofu Joseph Kiwanuka na Amana ya Masaka

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusimulia habari za Joseph Kiwanuka, Mganda aliyezaliwa Nakirebe katika Mawokota mwaka 1899. Watu wengi humkumbuka kwa jambo moja tu, ya kwamba tarehe 29 Oktoba 1939 Papa Pius wa 12 alimweka wakfu kuwa askofu katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Siku ile waliwekwa wakfu maaskofu 12 wa mataifa mbalimbali, na Ramarosandratana wa Madagaska alikuwamo. Zamani sana, mwaka 1518, Henrique, mwana wa mfalme wa Kongo, aliteuliwa kuwa askofu. Kisha zikapita karne nne.

Heshima ile ilikuwa kubwa, lakini sisi twaona kwamba jambo lenyewe lilikuwa Masaka, upande wa kusini-magharibi wa Buganda. Mapadre Weupe walifundisha vijana Kilatini na elimu ya dini kwa miaka 20 hivi, hata mwaka 1913 Askofu Streicher akawapa upadre Bazilio Lumu na Victor Mukasa. Kiwanuka alipata upadre mwaka 1929, akasoma sheria za Kanisa huko Roma, kisha akaingia mwenyewe katika shirika la Mapadre Weupe.

Ndipo Masaka ikatiwa mikononi mwa mapadre Waafrika, na Wazungu wakaziacha parokia zake. Je, fedha zitatoka wapi? Nani atasimamia shule? Kama Masaka ingalianguka, nani angalithubutu kumwombea Mwafrika mwingine uaskofu?

Kiwanuka alijibu kwa kazi. Aliweka mabaraza ya parokia, waumini wakichagua wajumbe wao wenyewe, na vyama vya wazazi vya kuangalia shule. Akawapeleka mapadre wake kusoma Ulaya na Marekani. Mabaraza yale ndiyo tunayoyasifu kuliko yote, maana mtu aliyeitwa kushauriana hukaa kama mwenye nyumba, wala si kama mgeni.

Mwaka 1960 alifanywa Askofu Mkuu wa Rubaga. Mwaka uliofuata waraka wake juu ya Kanisa na siasa uliwachukiza wakuu wa serikali ya Kabaka. Mwaka 1964 Mashahidi 22 wa Uganda walitangazwa kuwa watakatifu. Naye alifariki tarehe 22 Februari 1966. Kiti cha Masaka kilikuwa kimekwisha kupewa Adrian Ddungu tangu mwaka 1961, Mwafrika wa pili kukikalia.